Kabla ya Kushika Sindano

Visiwani Samoa, kijana anayefundishwa kuchora tatoo haanzi na sindano. Anaanza kwa kuvuta ngozi. Anayechorwa hulala mkekani, na fundi, ambaye wenyewe humwita tufuga, huketi ubavuni pake akiwa na kigongo na kitana cha meno makali ya mfupa au ya jino la nguruwe. Wanagenzi hukaa kando, wanaikaza ngozi kwa mikono yao na kupangusa damu na wino. Mchoro wa mwanamume, uitwao pe'a, huanzia kiunoni ukaishia magotini, na ni kazi ya siku nyingi za maumivu. Siku zote hizo mwanagenzi yupo. Anasikia mtu anavyohema. Anajua ngozi ya kiunoni si sawa na ya paja, na anajua fundi hutua kigongo wakati gani hata kama aliyelala hajalalamika. Huenda miaka ikapita kabla hajakabidhiwa kitana.

Utaratibu huo haunitoki akilini tangu mpwa wangu aliponiambia kuwa anataka kuingia katika kazi hii. Kuchora anajua, tena sana. Mashine ameiona mtandaoni, bei nafuu, inaletwa hadi mlangoni pamoja na wino wake, na marafiki wamekwisha kujitolea mikono. “Sasa mjomba,” akaniuliza, “kuna haja gani ya kwenda kumfagilia mtu studio mwaka mzima?”

Ni swali la haki, na linastahili jibu la haki.

Binti wa pwani hujifunza kupaka hina kwenye kiganja cha dada yake. Akikosea, baada ya wiki mbili tatu ua limefifia na dada anacheka. Wino wa tatoo haukupi nafasi hiyo. Tabaka la juu la ngozi hujivua na kujiotesha upya kila baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo wino sharti ulivuke, utue katika tabaka la chini yake, kina cha milimita moja na nusu au mbili hivi. Ukiishia juu, mchoro unaondoka na ngozi. Ukizama mno, mstari unatawanyika na kuwa doa la buluu lisilo na kingo. Na kina hicho hakilingani mwili mzima, wala ngozi ya kijana si ya mzee. Mkono hukijua kwa kukaa karibu na mkono mwingine unaokijua.

Don Ed Hardy, Mmarekani aliyekuja kuwa miongoni mwa wachoraji mashuhuri wa tatoo duniani, alikuwa na shahada ya sanaa ya uchapaji kutoka San Francisco. Angeweza kusema inatosha. Mwaka 1973 alikwenda Gifu, Japani, kujifunza kwa fundi aliyeitwa Horihide.

Turudi kwenye ufagio, maana hapo ndipo kijana anapoona anadhalilishwa. Virusi vya homa ya ini B huweza kukaa nje ya mwili wa binadamu siku 7 au zaidi bila kufa. Tone la damu lililokauka pembeni mwa meza, ambalo hakuna anayeliona, linaweza kumwingia mteja wa kesho. Vifaa vinavyorudiwa hutakaswa kwa mvuke wa nyuzijoto 121 kwa dakika zisizopungua 15, na sindano hutumika mara moja ikatupwa. Anayeifuta meza ile analinda ini la mtu asiyemjua. Mimi naiheshimu kazi hiyo kuliko mchoro wenyewe.

Lakini simtetei kila anayejiita fundi. Wapo wanaomchukua kijana wakamgeuza mtumishi wa nyumbani, anawatumikia miezi na miezi bila kuoneshwa hata jinsi ya kufunga sindano kwenye mashine, na wengine wanadai walipwe juu yake. Huo ni wizi wa ujana wa mtu. Nimemwambia mpwa wangu amuulize fundi waziwazi: nitafundishwa nini mwezi wa kwanza, nitachora kwenye ngozi ya bandia kwa muda gani, na siku nitakapomgusa mtu, nani atasimama nyuma yangu? Fundi anayekasirishwa na maswali hayo amwache.

Dada yangu ana pingamizi lake la kidini. Silidharau, na nimewaachia yeye na mwanawe walizungumze.

Kwa upande wangu nimejitwika jambo moja. Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida hutolewa mara tatu katika muda wa miezi sita. Nitailipia yote, kwa sharti kwamba asimguse mtu yeyote kwa sindano kabla hajaimaliza, hata hao marafiki waliojitolea mikono.