Ramadhani, siku ya 20: Onyesha njia

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu, leo tumefunga ya ishirini. Jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Kuna watu wameshafunga mikeka yao tayari kwa itikafu, na wengine tunahesabu juzuu zilizobaki. Alhamdulillah. Kabla hatujaingia, nataka leo tuangalie mifukoni mwetu kama kuna mali ya watu. Na nitaanza na mfuko wangu mimi.

Wanaoufahamu mtaa wetu wanajua kwamba tuko bondeni. Mvua ikinyesha kule juu, maji yote yanatushukia sisi. Mwaka juzi wakazi tulikaa, tukaanzisha umoja wetu, tukakubaliana tuchimbe mtaro na kuujengea kwa mawe na simenti, kuanzia duka la kona mpaka mtoni. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akatuunga mkono. Tukapanga kila kaya itoe shilingi 15,000 kwa awamu ya kwanza, sehemu ya juu, halafu tuchange tena kwa sehemu ya chini.

Ilipofika kuchagua mweka hazina, mzee mmoja jirani yetu Mkristo akasimama akasema: "Apewe ustadhi. Mtu anayetuamsha alfajiri yote ile hawezi kula hela yetu." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kaya 51 zilitoa. Hela zikaingia kwenye simu yangu, laini ileile ninayopokelea mshahara, ileile ninayolipia umeme na ada za watoto. Nikanunua simenti, nikalipa tripu za mchanga na mawe, nikamlipa fundi. Risiti nyingine nilichukua, nyingine sikuchukua. Sikuandika popote. Nilijiambia kichwani ninazo.

Usiku mmoja mwanangu akaugua. Kwenye simu hela yangu ilikuwa imekwisha, iliyobaki ilikuwa ya mtaro. Nikatoa shilingi 40,000, nikampeleka hospitali, na baada ya siku nne nikairudisha yote. Hakuna aliyejua. Na fundi naye, siku ya kumalizana, akanirudishia shilingi 5,000 akasema, "Hii ya soda yako, ustadhi." Nikatia mfukoni.

Kikao cha kupanga awamu ya pili nikasimama nikasema kazi imekwenda vizuri, hela imetumika vizuri, sasa tuchange tena. Basi. Akanyoosha mkono mama mmoja, muuza vitumbua, nyumba yake ni ya tatu kutoka mtoni. Akasema: "Ustadhi, naomba tu kujua. Zilipatikana ngapi, zimetumika ngapi, zimebaki ngapi?"

Ndugu zangu, damu ilinipanda. Nikamjibu mbele za watu: "Mama, mimi ndiye unayenishuku? Mimi ninayekusalishia watoto wako?"

Kikao kikanyamaza. Yule mama akashusha mkono, akatazama chini. Hakuna aliyeuliza tena, na hakuna aliyechanga tena. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu. Masika yakaingia mtaro ukiwa umeishia nusu. Maji yakashuka kwa kasi kwenye ule mtaro wetu mzuri wa juu, yakafika mahali ulipoishia, yakaingia kwenye nyumba za chini. Nyumba ya yule mama yalifika magotini. Unga na sukari ya biashara vyote vikaenda.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi sikuiba. Lakini nyumba zile zilijaa maji kwa sababu yangu.

Tuangalie Qur'ani yetu. Aya za saumu ziko katika Suratul Baqarah, aya ya 183 mpaka 187. Tunazisoma kila Ramadhani, halafu wengi wetu tunafunga msahafu hapohapo. Isogeze kidole kidogo. Aya ya 188, inayofuata moja kwa moja, inatukataza kuliana mali zetu kwa batili. Yaani mtu ameshafundishwa kuacha chakula chake mwenyewe cha halali mchana, anaambiwa sasa: na cha mwenzako usikiguse, mchana wala usiku. Endelea mbele kwenye sura hiyohiyo mpaka aya ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Inazungumzia nini? Kuandika. Mkikopeshana kwa muda maalumu, andikeni, na muweke mashahidi, wala msichoke kuandika, kiwe kidogo au kikubwa. Mola wetu anajua kwamba kichwa kinasahau, na kwamba watu wazuri hugombana kwa sababu ya kusahau.

Tuje kwa Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam. Na hili lilitokea katika siku kama hizi tunazoziingia, kumi la mwisho la Ramadhani. Alikuwa itikafu msikitini. Mkewe, bibi Safiyya, radhi za Allah ziwe juu yake, akaja usiku kumtembelea, na alipotaka kurudi Mtume akainuka kumsindikiza. Wakapita wanaume wawili wa Kiansari, wakamwona, wakaharakisha mwendo. Mtume akawasimamisha, akawaeleza kwamba huyu aliye naye ni Safiyya. Wale wakashtuka: Subhanallah, nani angekudhania wewe vibaya? Akawaambia kwamba shetani hupita ndani ya mwanadamu kama damu inavyopita, na alichelea asije akatia kitu nyoyoni mwao.

Hawakumuuliza. Hawakumshuku. Na yeye ndiye aliyeitwa Al-Amin na watu wa Makka kabla hata ya utume. Lakini alisimama usiku ule akajieleza kwa wapita njia wawili, kwa kuwahurumia wao. Mimi nimeulizwa mchana, kikaoni, na mtu aliyetoa hela yake, nikakasirika. Mimi ni nani?

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kila siku nawaambia wanafunzi wangu: onyesha njia. Jibu likiwa sahihi bila njia, maksi hupati zote, maana sijui umelipataje, labda umechungulia kwa mwenzako. Siku ile nilisimama mbele ya wazazi wa wanafunzi haohao nikawapa jibu bila njia, halafu nikanuna walipoiomba.

Nilikaa na kijana wangu usiku mbili, tukapekua ujumbe wa miamala kwenye simu mmoja mmoja. Zilipatikana shilingi 765,000. Matumizi niliyoweza kuyathibitisha ni 623,500. Kwenye simu zilikuwepo 118,000. Zilikuwa hazina maelezo shilingi 23,500. Zilikwenda wapi? Wallahi sijui mpaka leo. Labda vocha, labda nauli, labda mkate wa nyumbani kwangu. Nikazilipa mwenyewe. Ile 5,000 ya fundi nayo nikaiweka kwenye hela ya mtaro. Mnaijua habari ya yule mtu aliyetumwa na Mtume kukusanya zaka, akarudi akasema hizi zenu na hizi nimepewa mimi zawadi. Mtume aliuliza juu ya minbari kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angeletewa zawadi hiyo. Fundi asingenipa mimi soda kama nisingeshika hela ya watu.

Kisha nikaitisha kikao, nikasoma yote, pamoja na ile 40,000 ya usiku wa hospitali. Ilikuwa nzito kuliko khutba yoyote niliyowahi kutoa. Nikamwomba radhi yule mama mbele za watu, kama nilivyomvunjia heshima mbele za watu. Mnajua alinijibu nini? "Ustadhi, mimi sikukushuku. Wenzangu wa kikoba walikuwa hawajatoa, nikataka nipate la kuwaambia ili watoe."

Alikuwa ananisaidia kukusanya! Na mimi nilimfunga mdomo.

Siku hizi umoja una laini yake peke yake. Hela haitoki mpaka watu wawili wakubaliane, na risiti inabandikwa daftarini siku hiyohiyo. Kila mwisho wa mwezi ukurasa unabandikwa kwenye ukuta wa duka la kona, pale anapopita Mwislamu na Mkristo, aliyetoa na asiyetoa. Daftari analishika yule mama. Mimi nilibaki kuhamasisha na kubeba mawe. Mtaro umefika mtoni.

Na neno moja kwa upande wa pili, kwetu sisi tunaochanga. Kuuliza ni haki yako, lakini Suratul Hujurat imetukataza dhana mbaya na kusengenyana. Muulize mtu mbele yake, kwa adabu, kama alivyouliza yule mama. Usimtafune kwenye grupu la simu usiku, kesho ukasimama naye safu moja. Na wewe ambaye hujawahi kutoa hata senti, na maji ya uani kwako yanapita kwenye mtaro wa wenzako, Ramadhani hii hujachelewa.

*Kazi ya leo:* Kama unashika hela ya watu, iwe ya msikiti, ya mtaa, ya kikoba, ya kamati ya wazazi, ya mchango wa harusi au ya msiba, kabla ya tarawehe chukua karatasi. Andika mistari mitatu: zilizopatikana, zilizotumika, zilizobaki. Kama hesabu haikubali, usiilazimishe. Lipa, au sema. Kisha wapelekee wenyewe kabla hawajakuuliza. Kuona haya mbele ya majirani leo ni kwepesi kuliko kusimama mbele ya Allah kesho na daftari ambalo hatukuliandika sisi.

Ya Allah, tuingize kumi la mwisho mikono yetu ikiwa mitupu ya mali za watu. Wasamehe walioshika amana wakateleza, wape ujasiri wa kurudisha. Wape tunaowaongoza ujasiri wa kutuuliza, na utupe sisi vifua vya kuwajibu. Zilinde nyumba za bondeni masika haya, za Waislamu na za majirani zetu wote. Amin.

Taqabbalallahu minna waminkum. Tukutane kesho inshallah, siku ya 21. Ukiona lina faida, mfikishie mweka hazina wako, na usimwambie kwa nini.