Redio ya Polisi Nyumbani: Asikiaye Anadaiwa Nini?

Iko redio ya namna moja ambayo wengi wetu hatujaizoea. Haikutengenezwa kwa ajili ya taarifa ya habari, wala nyimbo, wala salamu za wasikilizaji. Kazi yake ni kupita upesi toka masafa haya hadi yale, na inapokuta watu wanazungumza husimama hapo ili mwenye redio asikie. Jina lake ni skana. Mwenye nayo hawezi kujibu neno; husikia tu. Huko ng'ambo watu wengi huinunua ili wakae nyumbani wakisikiliza jinsi polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa wanavyoitana wakati wa hatari.

Mnunuzi huuliza kwanza: nichague ipi? Swali hilo si gumu, nasi tutalijibu kwa ufupi. Aangalie masafa, maana redio zetu za FM hupokea kati ya megahezi 88 na 108, na mazungumzo ya redio koli hayako hapo. Aangalie pia mahali anapokaa. Mawimbi ya namna hii huenda karibu moja kwa moja kama jicho linavyoona, hata mtu aliye bondeni katika nchi ya vilima kama Ngara asisikie kinachosemwa nyuma ya kilima cha pili. Mtu huyo atasaidiwa zaidi na antena iliyoinuliwa juu kuliko redio ya bei kubwa. Tena akumbuke kwamba mitambo mipya hufumba maneno yasieleweke ila kwa wenye ufunguo. Polisi wa New York walianza kufumba mazungumzo yao mwaka 2023. Basi mtu anaweza kutoa fedha nyingi akanunua kelele tupu.

Lakini kwetu Tanzania liko jambo lililo kubwa kuliko hayo. Katiba yetu, katika ibara ya 16, inahifadhi mawasiliano ya mtu binafsi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine pasipo idhini halali, na kuyatangaza yaliyonaswa. Pengine mtu atasema, basi, shauri limekwisha. Kwa upande wa duka limekwisha. Kwa upande wa moyo halijaisha, maana sheria hukataza tendo bila kutueleza kwa nini tunalitamani, wala kama tamaa hiyo ni njema au mbaya.

Tamaa yenyewe si ngeni. Polisi wa Detroit, Marekani, walipoanza mwaka 1928 kutangazia magari yao kwa redio, watu wa majumbani nao waliweza kuwasikia. Hata kwetu, kabla ya simu za mkononi, hospitali na misheni nyingi za nchi hii zilizungumza kwa simu ya upepo, na kila aliyefungua masafa yale alisikia yote: nani amezidiwa, dawa gani imekwisha, ndege inatakiwa wapi. Waliosikia walijua kwamba wamepewa siri za watu. Mwenye adabu alinyamaza, au kama alikuwa na gari karibu, alisema, "Tutakwenda sisi."

Hapo ndipo tunapoona kiini cha jambo hili. Wazee wetu walikuwa na chombo chao cha hatari, nacho ni yowe. Simba akiingia zizini, nyumba ikishika moto, au mwizi akivunja mlango, mwenye shida alipiga yowe. Yowe halikuchagua sikio. Kila aliyelisikia alikuwa ameitwa, naye alitoka usiku huohuo na alichonacho mkononi. Aliyesikia akajifunika blanketi aliulizwa kesho yake sababu, na mara nyingi alilipa faini. Kwa hiyo kusikia na kwenda vilikuwa kitu kimoja.

Skana imevitenga vitu hivyo viwili. Inampa mtu kusikia mwito ambao hakuitwa, wa mahali asipoweza kufika, kwa ajili ya mtu ambaye hatamsaidia. Ajali ya mwenzake inakuwa mazungumzo ya baada ya chakula cha jioni. Leo atasikia gari limepinduka na kushtuka. Kesho atasikia mtoto ametumbukia kisimani na kutikisa kichwa. Baada ya mwezi atabadilisha masafa kwa kuwa usiku huu hakuna jipya. Sikio linalozoea kusikia pasipo kwenda hufa ganzi polepole, hata siku jirani yake wa karibu atakapolia, naye atalia kama redio.

Wako wanaopinga, nao wana hoja yenye uzito. Wanasema askari ni watumishi wa wananchi, wanalipwa kwa kodi ya wananchi, na mwenye mali ana haki ya kujua mtumishi wake anafanya nini. Wanaongeza kwamba maovu hupenda giza. Hayo ni kweli, wala hatuwezi kuyapuuza. Lakini mwananchi anayetaka kuwapima askari wake anazo njia za wazi: mkutano wa kijiji, diwani na mbunge wake, gazeti, mahakama. Katika njia hizo anauliza kwa jina lake, na anayeulizwa hupata nafasi ya kujibu. Anayesikiliza kwa siri haulizi wala hajibiwi.

Tena, sikio la siri si la raia mwema peke yake. Wenyeji wa Biharamulo na Ngara wanaikumbuka miaka ambayo mabasi yalivuka mapori ya huku kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Tujiulize: jambazi aliyelala kichakani angetoa fedha kiasi gani kujua saa ya msafara kuondoka na idadi ya askari ndani yake? Redio inayomwambia mwenye nyumba askari wako wapi, humwambia na mwizi pia. Hatuwezi kudai mlango uwe wazi kwa ajili yetu halafu tushangae kwamba wengine wamepita.

Liko jambo jingine, nalo ni la kutisha zaidi. Askari wanapoitana hawasemi hukumu. Wanasema dhana: "Tunamtafuta kijana mwenye shati jekundu, mrefu, ameelekea sokoni." Baada ya saa moja huenda dhana hiyo ikafutwa, lakini msikilizaji amekwisha kuzima redio na kwenda kusimulia. Mwezi Aprili mwaka 2013, baada ya mabomu ya Boston, ilienezwa habari kwamba jina la mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotea limesikika katika redio ya polisi. Maelfu walilirudia jina hilo usiku ule. Kijana huyo hakuwa na hatia yoyote. Alikutwa amekwisha kufa, na jamaa zake walibeba msiba pamoja na aibu isiyo yao.

Kwetu madhara ya neno la namna hiyo yangekuwa ya haraka zaidi. Sote tumesoma magazetini maneno yale, "wananchi wenye hasira kali," na tunajua mwisho wa habari hizo: mawe, tairi na mafuta ya taa. Hata yowe la wazee lilikuwa na hatari hii, maana usiku aliyekamatwa si lazima awe aliyeiba. Je, itakuwaje kijiji kitakapopata dhana ya askari kabla askari wenyewe hawajaichunguza? Ushuhuda wa uongo hausemwi na mwongo tu. Mtu mkweli anayesikia nusu na kusimulia yote anaweza kuusema pia.

Wilaya ya Ngara haihitaji kufundishwa nguvu ya redio. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakajaa Benaco. Walitoka katika nchi ambako redio ya RTLM ilikuwa ikitaja watu kwa majina ili watafutwe na kuuawa. Mwaka uliofuata, hapohapo Ngara, ilianzishwa Redio Kwizera kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji, na jina hilo maana yake ni tumaini. Chombo ni kilekile, na mawimbi ni yaleyale. Kilichotofautiana ni kile ambacho watu walitaka mwenzao apate kwa sababu ya kusikia.

Tena si lazima mtu awe na mtambo wa ajabu ili aokoe. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Hawakuwa wamenasa mazungumzo ya mtu. Waliona, wakapiga makasia. Watu 19 walifariki, na 24 wakapona. Naye Msamaria tunayemfahamu hakupata habari za majeruhi kwa siri. Alimkuta njiani, na wawili waliotangulia walimwona vilevile. Hawakukosa habari, walikosa kusimama.

Basi, mtu akituuliza achague redio gani, tutamshauri anunue redio ya kawaida iliyo imara, yenye FM na masafa mafupi, inayotumia betri au jua, maana siku ya hatari umeme huwa wa kwanza kuondoka. Asikilize humo maonyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, yanayotangazwa kwa ajili yake na kwa ajili ya wote. Katika simu yake aweke namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Na ajue jina la mjane anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na njia ya mkato ya kufika kwake gizani.

Na ikitokea tukasikia tusiloitiwa, kwa bahati au kwa mdomo wa jirani, tujiulize maswali mawili kabla ya kufungua kinywa. Naweza kwenda kusaidia? Kama naweza, niende. Siwezi? Basi ninyamaze, nimwombee.