Hatia ya Kutotaka Kujua

Torati inamwamuru anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, asije akabeba hatia ya damu mtu akianguka. Tuangalie wakati wa amri hiyo: wajibu unamshika mjenzi kabla hajaanguka yeyote. Kwa kipimo hicho, bodi ya shule yenye paa kuukuu linaloshukiwa kuwa la asbesto haiwezi kujitetea kwamba haikujua. Kutojua kunasameheka kwa aliyekosa njia ya kujua, na hapa njia ipo: fundi aliyefunzwa hulowanisha paa ili vumbi lisitimke, huchukua kipande kidogo, na maabara hukitazama kwa hadubini. Asiyepima kwa kuogopa majibu ameshajua vya kutosha kuwajibika.

Wapo watakaosema shule zetu hazina hata madawati, seuze fedha za kuezeka upya. Hoja ina uzito, ila inachanganya kupima na kubomoa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inazitaka shule zikague majengo na kurudia kila miaka 3, lakini haizilazimishi kuondoa asbesto iliyo nzima. Isipotobolewa wala kukatwa, mara nyingi ni salama zaidi kuiacha na kuichunga. Kwa hiyo shule maskini ndiyo inayohitaji zaidi majibu ya maabara, ijue ni paa lipi fundi asiligongelee misumari.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na kuvuta nyuzi za asbesto huchukua miongo kujitokeza, na hakuna atakayethibitisha kwamba ilitoka darasa fulani. Ni kweli, lakini hayo ni matatizo ya wakili. Dhamiri haingoji ushahidi wa mahakamani, na ucheleweshaji huo ndio unaomwelemea mtoto, kwa kuwa ana miaka mingi mbele yake ya ugonjwa kukomaa. Mwaka 2013 kamati inayoishauri serikali ya Uingereza kuhusu saratani ilikadiria kwamba anayeanza kuvuta nyuzi hizo akiwa na miaka 5 ana hatari takriban mara 5 ya anayeanza akiwa na miaka 30. Na mtoto huyo hakuchagua darasa. Sheria na wazazi ndio waliompeleka.

Mzazi, katika mkutano ujao wa shule omba uoneshwe majibu ya maabara. Kama hayapo, uliza ni nani aliyeamua yasiwepo.