Mjumbe wa Bodi na Mali Yake

Mjumbe wa bodi ya watu wote amekabidhiwa amana. Basi, afanyeje siku ile inapoletwa mezani zabuni, na mmoja wa waombaji ni kampuni yake mwenyewe, au ya mkewe, au ya ndugu yake? Wengi hujibu upesi kwamba kama bei yake ndiyo nafuu na kazi yake ndiyo njema, hapana ubaya. Jibu hilo halifai kudharauliwa, maana hutolewa hata na watu waadilifu.

Hata hivyo, sisi twaona ubaya upo. Kwanza, mtu hawezi kuwa mwamuzi wa shauri lake mwenyewe. Si lazima awe mwizi. Kitabu cha Kutoka chaonya kwamba zawadi huwapofusha hata wale wenye macho mazima, na faida yetu wenyewe hutunong'oneza mpaka tukadhani ni sauti ya dhamiri. Pili, wale walioshindwa hawana njia ya kujua kama walishindwa kwa haki. Mtume Paulo, alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa waandamane na fedha zile, ili asiwepo wa kumlaumu. Ikiwa Mtume alijilinda hivyo, diwani wa Muheza au mjumbe wa bodi ya shule kule Pangani ni nani asijilinde?

Nchi yetu ililifikiri jambo hili zamani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yo yote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, na kuwa na nyumba za kupangisha. Tena lilieleza kwamba kiongozi ni mume pamoja na mkewe, au mke pamoja na mumewe, kwa kuwa faida ya mmoja hufika kwa mwenzake. Mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, Serikali ilitwaa hisa nyingi katika makampuni ya mkonge, na watu wa Tanga wakaona mashamba makubwa yakisimamiwa kwa niaba ya wote.

Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kiliyalegeza masharti hayo. Hatusemi kwamba kiongozi mwenye mali anatenda dhambi; Kanisa halikufundisha hivyo kamwe. Lakini mtu aliyeruhusiwa kuwa na duka na kiti cha bodi kwa pamoja anahitaji uangalifu zaidi, wala si pungufu. Ndiyo maana Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 yamtaka kiongozi atangaze mali yake, na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zamtaka mjumbe mwenye faida katika shauri aiseme.

Wako watakaotuambia: "Huku pwani sote ni ndugu. Tena ni nani aujuaye mkonge kuliko mkulima wake? Bodi ya wasio na mashamba itakuwa bodi ya wasiojua." Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mkulima wa Hale au Magoma akiketi katika kikao na kutetea bei njema ya singa, faida yake ni ile ile ya jirani zake, na kwa kazi hiyo ndiyo walimtuma. Lakini shauri likiwa ni majani ya nani yatangulie kuingia katika korona, na yake yamo, hapo faida yake imeachana na ya wenzake. Basi kipimo ni hiki: je, nitakachopata ni kile watakachopata walionituma, au ni changu peke yangu?

Akijibu kwamba ni chake peke yake, aseme kabla mjadala haujaanza, aandikwe katika kumbukumbu za kikao, kisha atoke nje mpaka uamuzi ukatwe. Kukaa kimya kitini hakutoshi, maana wenzake humtazama usoni wanaponyosha mikono. Na ikiwa kila kikao kinamlazimu kutoka, achague moja kati ya kiti na biashara.

Twajua kwamba anayefanya hivyo hupata hasara. Zabuni yaweza kumponyoka, na jamaa zake watamwita mjinga, wakimkumbusha kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Lakini mbuzi hakuifunga kamba ile mwenyewe. Aliyeifunga ni mwenye mbuzi, naye alikwisha pima mahali shamba la jirani linapoanzia. Mjumbe naye amefungwa na wananchi, kwa kiapo na kwa sheria. Si kazi yake kujirefushia kamba.

Nasi tulio nje ya bodi tuna wajibu wetu. Tusimwendee usiku mwana wetu aliye katika bodi, tukimdai atukumbuke kwa sababu ya damu. Akitukatalia, tumshukuru, kwa kuwa siku nyingine mwombaji atakuwa ni maskini asiye na ndugu katika kikao, na haki yake itasimama juu ya mazoea hayo hayo.