Kati ya Kuona na Kutenda

Mwaka 1796, katika kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich, Uingereza, Nevil Maskelyne alimfukuza kazi msaidizi wake, David Kinnebrook. Kazi ya kijana ilikuwa kutazama nyota ikikatiza uzi mwembamba ndani ya darubini huku akisikiliza mapigo ya saa, kisha aandike wakati. Wakati alioandika ulizidi kuchelewa, ukafika karibu nane ya kumi ya sekunde nyuma ya ule wa bosi wake. Ikahesabiwa kuwa uzembe. Zaidi ya miaka 20 ikapita, ndipo mwanafalaki Friedrich Bessel alipolinganisha vipimo vyake na vya wenzake, akakuta wanatofautiana. Kila mtu na mwendo wake. Kinnebrook wa watu hakuwa mzembe, ila aliumbwa hivyo.

Sisi hudhani tunaliona jambo dakika ile ile linapotokea. Sivyo. Habari husafiri kwanza. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz aliupima mshipa wa fahamu wa chura na kukuta kuwa ujumbe hupita humo kwa kasi ya takriban mita 27 kwa sekunde, mwendo wa gari lililo kwenye barabara kuu. Kabla yake wataalamu wakubwa waliamini kwamba kasi hiyo haipimiki kabisa.

Lakini safari ya mshipani ni jambo dogo. Ajabu iko pale ujumbe unapofika na mtu anatakiwa kuamua. Daktari wa Kiholanzi, Franciscus Donders, alichapisha mwaka 1868 jaribio ambalo naliona la kipekee kwa urahisi wake. Alimgusa mtu mguuni kwa umeme hafifu, naye ajibu kwa mkono wa upande ule ule. Mtu alipojua mapema ni mguu upi utakaoguswa, alijibu haraka. Asipojua, alichelewa kwa sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Donders akatoa muda mmoja katika mwingine, na kilichobaki kilikuwa muda wa kuchagua. Fikiri: jambo la ndani kabisa ya nafsi, lisiloonekana wala kushikika, limepata kipimo kwa hesabu ya kutoa!

Na uchaguzi wenyewe una mpango. Mwingereza William Hick alionyesha mwaka 1952, kwa taa na vitufe, kwamba chaguo zikiongezeka muda huongezeka, ila kwa utaratibu wa pekee: kutoka chaguo mbili hadi nne huongeza takriban kiasi kile kile kinachoongezwa na kutoka nne hadi nane. Aliyetuumba hakutuacha tukague chaguo moja moja kama milango.

Tena si kila ishara huja wazi. Mtazame mkulima aliye dunguni usiku akilinda mahindi yake. Mabua yanachakacha. Ni upepo, au nguruwe pori? Akipiga kelele kwa kila chakacho, hatalala na majirani watamchoka. Akinyamaza mpaka awe na hakika, asubuhi atakuta shamba limelimwa kwa pua. Masikio yake ni yale yale, lakini usiku uliofuata uvamizi atapiga kelele mapema zaidi, maana sasa anajua gharama ya kunyamaza. Miaka ya 1950 watafiti wa Marekani waliweka jambo hili katika hesabu: kutambua ishara ni kitu kimoja, na kiwango cha ushahidi ambacho mtu hukitaka kabla ya kusema “ndiyo” ni kitu kingine. Daktari anayesoma picha ya eksirei anaishi humo kila siku. Mimi hapa ndipo ninaposujudu, kwa kuwa Muumba hakutupa masikio tu, alituongezea na mizani ya kupimia tusikiacho.

Hata hivyo wepesi wetu una mpaka. Sheria za riadha huhesabu kuwa mkimbiaji aliyeondoka chini ya sekunde 0.100 baada ya mlio wa kuanzia mbio amebahatisha, hakuusikia. Mwaka 2022, kwenye fainali ya mita 110 kuruka viunzi ya mashindano ya dunia huko Eugene, Devon Allen wa Marekani aliondoka kwa 0.099 akatolewa. Sehemu moja ya elfu ya sekunde! Kama ilikuwa haki, wapenda riadha bado wanabishana. Kwangu adhabu ilikuwa kali mno.

Barabarani hakuna refa. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, na dereva aliyeshtukizwa na mtoto anayevuka huweza kumaliza sekunde nzima kabla mguu haujakanyaga breki. Basi wewe utakayeshika usukani leo, mwachie nafasi aliye mbele yako, punguza mwendo karibu na shule, na simu iweke mbali.