Hesabu ya Jioni na Boljointi ya Bei Poa

Wanangu wenye magari, na ninyi mnaoyaendesha kwa niaba yao, jambo hili nimelisema hadi naonekana mzee mwenye kinyongo na maduka ya watu. Sina kinyongo. Nimechoka tu kuona gari zima likifa kidogo kidogo kwa sababu ya vitu vidogo vilivyonunuliwa kwa furaha, huku mwenyewe amesimama pembeni anajisifu alivyopunguziwa bei.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo mnayoipenda. Tuseme boljointi ya bei poa ni shilingi 25,000 na ile nzuri ni 80,000. Ukiishia kaunta umeokoa 55,000, na jioni unaweza kununua nyama choma kwa raha zako. Lakini gari lako haliishi kaunta. Linatoka stendi yetu ya hapa Mugumu alfajiri kuelekea Tarime kwa njia ya Nyamongo, au linashika njia ya Nata kwenda Musoma, au linaingia vijijini kubeba mahindi na watu. Lami imekuwa ikisogea kipande kwa kipande, tunashukuru, ila huko vijijini ni changarawe yenye vijituta vinavyofuatana bila kupumzika, na masika ni udongo mweusi. Kwa njia hizo tuseme ya bei poa inakupa miezi 3, na nzuri inakupa miaka 2. Ndani ya miaka hiyo miwili utanunua ya bei poa mara 8, yaani 200,000. Fundi akidai 15,000 kila anapofungua, ni 120,000. Kila linapolala gereji siku moja unakosa hesabu anayokuletea dereva jioni, tuseme 40,000, nayo kwa siku 8 ni 320,000. Jumla 640,000. Ile nzuri: 80,000 ya spea, 15,000 ya fundi, 40,000 ya siku moja. Jumla 135,000.

Bei za leo mnazijua kuliko mimi, basi badilisheni tarakimu mtakavyo. Hata ukiikata ile jumla ya kwanza nusu, bado ni zaidi ya mara mbili ya ile ya pili. Na hapo sijagusa tairi linaloliwa upande mmoja.

Ishikeni mkononi hiyo boljointi siku moja badala ya kumwachia fundi kila kitu. Ni gololi kubwa ya chuma yenye shingo, imekaa ndani ya kikombe cha chuma, imezungukwa na grisi, na juu yake kuna kofia ya raba. Ile raba ndiyo roho yake. Raba mbaya inakauka upesi, inapasuka ufa usioonekana, na vumbi linaingia. Vumbi likishachanganyika na grisi linasaga chuma mchana kutwa, na chuma chenyewe kama ni laini hakichelewi kuisha. Utasikia ngo, ngo, kila gurudumu la mbele likiingia shimoni. Dereva atakwambia ni shokapu. Siku moja ile shingo inachomoka kwenye kikombe, gurudumu linalala ubavu, gari linakaa chini upande mmoja na usukani hauna kazi tena. Likitokea ukiwa unakata kona pale stendi, watu watacheka. Likitokea Noah imejaza abiria kupita viti vyake, inateremka na dereva anawahi tripu nyingine, hakuna wa kucheka.

Filta ya oili nayo, nawaomba, ikateni. Mkibadilisha oili msitupe filta kuukuu. Mpeni kijana wa gereji msumeno wa chuma aipasue mtazame. Filta ya kweli ina karatasi yenye mikunjo mingi iliyobanana, imegandishwa vizuri huku na huku, na kwenye zile zinazotakiwa kuwa nayo mna raba ya kuzuia oili isishuke yote injini inapozimwa. Ya bandia kwa nje ni ileile, rangi ileile na maandishi yaleyale. Ndani mikunjo ni ya kuhesabu, gundi imeachia, na ile raba ama haipo ama imekauka. Kwa hiyo asubuhi unapowasha, injini inazunguka kavu kwa sekunde kadhaa kabla oili haijapanda, na mchana uchafu unapita pembeni ya karatasi kwenda kwenye beringi za krenki. Hutaona kitu wiki hii wala mwezi huu. Utakuja kuona siku fundi anakutajia bei ya kufungua injini nzima, na hapo utasema gari lina mkosi, kuna mtu kakuangalia vibaya.

Oili ya breki nitaisema kwa ufupi. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, na DOT 4 chini ya 230. Ikishanywa maji kutoka hewani, kiwango kinashuka hadi 140 na 155. Hiyo ni ile halali. Iliyomo kwenye chupa isiyojulikana ilikotoka itachemka kwa nyuzi ngapi kwenye miteremko ya Tarime, utaambiwa na pedali itakapogusa sakafu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ugonjwa wenyewe uko hapa. Watu wanasema spea feki zinaletwa na umaskini. Umaskini upo, siukatai. Ila magari mengi niliyoyaona yakifa hapa kwetu, mwenyewe hakuwa maskini. Mwingine ana nyumba za kupangisha na ng'ombe juu. Tatizo ni mapatano. Tajiri anamkabidhi dereva gari kwa hesabu ya siku: jioni niletee kiasi hiki, kinachobaki ni chako, na matengenezo madogo madogo juu yako. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayonunua spea feki. Dereva aliyepewa gari leo na anayeweza kunyang'anywa kesho, anunue kitu cha kudumu miaka 2 amnunulie nani? Atanunua cha kumfikisha mwisho wa mwezi, na akisikia ngo, ngo, ataongeza sauti ya redio.

Fundi naye anatumwa dukani na pesa mkononi. Kwenye spea nzuri cha juu ni kidogo kwa sababu bei yake inajulikana. Kwenye ya bei poa anakutajia bei ya kati, wewe unafurahi, yeye anafurahi zaidi, na baada ya miezi 3 unamrudia akupe salamu na bili. Muuza duka anajaza rafu kwa kile kinachotoka. Akileta ile ya 80,000 inakaa hadi boksi linafifia. Cha mlevi huliwa na mgema, na mlevi mwenyewe anajiona mjanja.

Na abiria? Abiria hakuwepo kwenye mapatano. Mama anayemleta mtoto hospitali hapa Mugumu hakuulizwa kama anataka kubebwa na boljointi ya 25,000 au ya 80,000. Nauli aliyolipa ni ileile. Kwa hiyo mkiniambia mmeokoa pesa, nauliza: mmeokoa ya nani, na nani ameshikilia deni?

Wenye umri wangu tunaikumbuka miaka ya 1977 hadi 1983, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Sirari ya mpakani iko karibu nasi, lakini spea ya Land Rover ilibidi ivuke kwa magendo, au isivuke kabisa. Mafundi walichonga bushi kutoka kwenye matairi mabovu. Sisifu nyakati zile, zilikuwa ngumu. Nataka tu mwone tofauti moja. Kila aliyepanda gari wakati ule alijua limeungwaungwa, na dereva alikwenda taratibu kwa sababu bushi aliichonga mwenyewe. Leo bushi mbovu inakuja imepigwa rangi, imo ndani ya boksi zuri, na dereva anakanyaga mafuta kwa imani kamili.

Msinielewe vibaya mkadhani nawatuma mkanunue kila kitu kwa bei ya juu. Kioo cha pembeni, kitasa cha mlango, kapeti, nunueni cha bei yoyote, kikivunjika hakimuui mtu. Na kuna spea iliyotumika ambayo ni bora kuliko mpya ya bandia: iliyofunguliwa kwenye gari la Japani, ikaja Dar es Salaam, ikauzwa Ilala au Gerezani, Kariakoo. Mlango, taa, rejeta nzima, hata gia boksi, ukipata mtu anayejua kuchagua, chukua. Ila breki, stelingi, boljointi, filta na matairi, hapo msitafute bei poa. Tairi lina tarakimu 4 ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 2316 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama limepakwa dawa linang'aa.

Wala msidanganywe na boksi. Chapa ya 555 ya Japani inayosifiwa na kila fundi, boksi lake nalo linaigwa. Nendeni na spea kuukuu dukani, muipime na mpya mkononi kwa uzito, mlinganishe namba zilizochongwa kwenye chuma, maana zilizobandikwa kwenye karatasi hazina maana. Daini risiti ya EFD. Anayekataa kukuandikia risiti ameshakwambia anachouza. Serikali ina Shirika la Viwango, TBS, na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa na kukamata bidhaa bandia. Lakini afisa hawezi kusimama kwenye kila kaunta kutoka Tarime hadi Mugumu, na bila risiti hata ukimwita hana pa kuanzia.

Na asiwadanganye mtu kwamba ni sisi tu wa vijijini tunaouziwa spea bandia. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege ya Partnair, kampuni ya Norway, ilikuwa ikitoka Oslo kwenda Hamburg ikaanguka baharini karibu na Denmark, na watu wote 55 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waligundua kwamba baadhi ya bolti zilizoshika mkia zilikuwa bandia, dhaifu kuliko zilizotakiwa. Abiria wale nao hawakuulizwa.

Ninachowaomba ninyi matajiri ni kitu kimoja. Futeni hayo maneno ya "matengenezo juu yako". Wekeni pembeni sehemu ya hesabu ya kila jioni, hata ikiwa ndogo, iwe ya spea na isiguswe kwa harusi wala kwa kodi ya nyumba. Kitu kikikosekana hapa, agizeni Mwanza au Dar kwa simu, kije kwa basi. Gari lilale siku hizo mbili tatu, na dereva asidaiwe hesabu yake. Dereva akisema gari halifai kupakia leo, asifukuzwe. Mkifanya hivyo hamtahitaji mawaidha ya mzee, maana dereva mwenyewe atawapigia kuwaambia boljointi inalia kabla haijachomoka.

Basi mpigie dereva wako leo jioni, kabla hajapanga abiria wa kesho. Muulize gurudumu la mbele linalia nini, na umwambie gharama ni yako.