Mtoto Asiyesikia

Katika lugha yetu neno kusikia lina maana mbili. Ya kwanza ni kazi ya sikio. Ya pili ni utii. Asiyesikia la mkuu, twaambiwa, huvunjika guu. Mzazi akilalamika kuwa mwanawe hasikii, majirani hufahamu kuwa mtoto huyo ni mkaidi. Kwa kuwa maana hizi mbili hukaa katika neno moja, ni rahisi kumtwika mtoto kiziwi hatia isiyo yake. Huitwa, asigeuke; hukanywa, asiache; huchapwa kwa kosa asilolijua.

Uziwi una sababu nyingi. Mtoto mmoja huzaliwa nao. Mwingine huupata kwa homa ya uti wa mgongo, kwa surua, au kwa usaha wa sikio usiotibiwa. Si laana ya ukoo, wala si adhabu ya dhambi za wazazi. Ampelekaye mtoto hospitali mapema akapimwe masikio hutenda jambo la maana kuliko atafutaye wa kulaumiwa.

Mapema, kwa sababu gani? Fikiri, msomaji, ulivyojifunza lugha ya mama yako. Hukufundishwa kwa kitabu. Uliiokota jikoni, kisimani na mchezoni, neno baada ya neno. Mtoto kiziwi huketi jikoni humo humo, asiokote kitu. Akili yake ni nzima. Kilichokosekana ni chakula cha akili. Uziwi hauidumazi akili. Kukosa lugha kwaweza kuidumaza.

Hapa ndipo lilipo swali la haki: kati ya mtoto na mzazi, nani amwendee mwenziwe? Wazazi wengi hutaka mtoto ajifunze kutamka na kusoma midomo, kwa kuwa atakaa kati ya watu wanaosikia. Hoja hii hutoka katika mapenzi, na wako watoto ambao imewafaa, hasa wale wanaosaidiwa na chombo cha sikio. Lakini simama mbele ya kioo utamke bila sauti: baba, mama, papa. Midomo hufanya jambo lile lile mara zote tatu. Mtoto asiyesikia kabisa atayatenganishaje?

Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaamua kuwa matamshi yapewe nafasi ya ishara. Ishara zikafukuzwa katika shule nyingi. Ilipita miaka 130 kabla mkutano wa namna hiyo, uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2010, kuyakataa maamuzi yale na kuyajutia. Mwaka huo huo Katiba ya Kenya iliipa serikali wajibu wa kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, ikaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge.

Basi taifa limemwendea mtoto huyu. Je, nyumba yake? Mzazi ajuaye ishara za kula, kulala na njoo hulea mwili tu. Atamwelezaje mwanawe kwa nini babu harudi tena? Atamfunzaje kuwa wizi ni uovu hata pasipo mtu wa kuona? Malezi ya tabia yahitaji lugha. Mtoto arudiye likizo kutoka shule ya viziwi, asipate nyumbani mtu wa kuzungumza naye, ni mgeni kwao.

Hapana shaka kujifunza ishara utu uzimani ni kazi. Vidole ni vizito, na siku ni fupi kwa mwenye shamba au kibarua. Lakini mzazi ataka jambo gumu, na mtoto huambiwa atende lisilowezekana. Si haki kumdai asiyeweza na kumsamehe asiyetaka.

Nawe, kijana, huenda una ndugu au jirani kiziwi. Usingoje wazee waanze. Jifunze ishara kumi leo, na kumi kesho, umwulize habari zake, kisha ungoje jibu. Nyumba ambayo wote husikia lakini mmoja haambiwi kitu, uziwi wake hauko katika sikio la mtoto.